Mkutano wa ulinzi na usalama wa mtaa: mapitio ya huduma tunayoichangia kila mwezi

Kama una dakika kumi tu za kukaa kwenye mkutano wa ulinzi na usalama wa mtaa wako, zitunze kwa ajili ya "yatokanayo". Hapo ndipo mwenyekiti na mtendaji wanapotakiwa kueleza yaliyokubaliwa mkutano uliopita yamefikia wapi. Mgeni anaweza kuhutubia vizuri, askari akasalimia kwa bashasha na watu wakapiga makofi, lakini yatokanayo yakirukwa, au yakimalizwa kwa sentensi moja ya "mengi yametekelezwa, mengine yanaendelea", hapo umehudhuria mkusanyiko tu.

Mapitio haya ni ya mikutano ya Tanzania Bara, hasa mijini, ile inayoitishwa na serikali ya mtaa kuzungumzia ulinzi shirikishi na polisi jamii. Tunaipima kama huduma kwa sababu ni huduma. Kaya zinaichangia fedha kila mwezi, walinzi wanakesha kwa jina letu, na makosa yake yanaweza kumfikisha mtu asiye na hatia hospitalini au kaburini. Inastahili kupimwa kwa ukali kuliko tunavyompima fundi simu.

Kwanza ujue nani anahusika na nini, maana nusu ya hasira za mikutanoni hutokana na kumdai mtu kitu ambacho si chake. Mwenyekiti wa mtaa amechaguliwa na wakazi. Uchaguzi wa karibuni ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, na ndiye anayeandika na kutunza muhtasari. Kamati ya ulinzi na usalama hupanga lindo na kuwasimamia walinzi. Polisi kata ni mkaguzi aliyepangiwa kata nzima, kwa hiyo mtaa wako ni mmoja kati ya kadhaa anayoihudumia, na taarifa zake zinapanda hadi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yule tunayemwita OCD. Diwani ndiye anayeingia kwenye baraza la madiwani, mahali ambapo bajeti na sheria ndogo za halmashauri hupitishwa. Mtaa wenyewe hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kijiji kinayo kupitia halmashauri yake, na ndiyo maana mambo mengine yanayowezekana kijijini, kwa mfano faini ya kukwepa zamu ya lindo, mjini huishia kuwa makubaliano ya mdomo.

Halafu kuna mjumbe wa shina, balozi. Watu wengi bado wanamchukulia kama ngazi ya mwisho ya serikali, na kwa mazoea barua za utambulisho huanzia kwake. Lakini tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Mtaa unaotegemea mabalozi peke yao kupeleka wito wa mkutano unawakosa wakazi wasio wa chama hicho, na wapangaji wapya hawamjui kabisa. Ni kasoro ndogo kuiona na kubwa kwa matokeo yake, kwa sababu wapangaji ndio wanaorudi usiku na kuona mengi.

Wito mzuri unatoka siku saba kabla, kwa njia mbili au zaidi: tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, na kipaza sauti jioni watu wakiwa nyumbani. Tangazo litaje agenda. "Mkutano wa wananchi wote, bila kukosa" halimwambii mama wa genge kwa nini afunge biashara. "Mkutano wa ulinzi: wizi wa usiku eneo la kisimani, taarifa ya michango ya lindo, na uteuzi wa walinzi wawili" linamwambia. Saa nayo ina uzito wake. Jumamosi saa 4 asubuhi inawapata wastaafu na vijana wasio na kazi, inawakosa wafanyabiashara. Jumapili saa 10 jioni huwapata wengi, ila kikao kisivuke saa 12, kwa kuwa wanawake wengi huondoka giza likianza kuingia, na wao ndio wanaojua ni kichochoro kipi hakipitiki. Mikutano ya dharura huwa inajaa. Baada ya vijana wa panya road kuvamia nyumba Dar es Salaam Septemba 2022, hakukuwa na haja ya kubembeleza mtu kuhudhuria. Kipimo cha mtaa ni mahudhurio ya miezi sita baadaye, hofu ikiwa imepoa.

Taarifa ya polisi ndiyo sehemu inayotofautiana sana kutoka kata moja hadi nyingine. Taarifa dhaifu inasema hali ya usalama ni shwari isipokuwa matukio machache. Taarifa inayofaa inasema hivi: tangu mkutano uliopita kumeripotiwa matukio kadhaa, mangapi ni ya kuvunja nyumba mchana, mangapi ni ya kunyang'anywa simu, yametokea saa ngapi na eneo gani, mangapi yamefika mahakamani. Mchana au usiku ni swali la maana kuliko linavyosikika. Nyumba zikivunjwa saa 5 asubuhi watu wakiwa kazini, kuongeza walinzi wa usiku ni kumwaga fedha. Hapo tiba ni majirani wanaobaki nyumbani, mafundi wanaofahamika, na mageti yanayofungwa. Simu zikiporwa saa 11 alfajiri njia ya kituo cha daladala, lindo linalovunjwa saa 10 na nusu linaacha mwanya. Mtaa ambao haujawahi kuomba hesabu kwa saa na eneo hupanga doria kwa kubahatisha.

Jibu la "upelelezi unaendelea" lina dawa. Usiulize kesi yangu imefikia wapi. Njoo na namba ya RB, ile unayopewa ukiripoti tukio kituoni, tarehe ya kuripoti na jina la mpelelezi, kisha uliza jalada liko wapi sasa hivi: kwa mpelelezi, kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka au mahakamani. Hayo ni maswali yenye majibu. Kama polisi kata hana jibu hapo hapo, ombi liandikwe kwenye muhtasari pamoja na namba ya RB, ili mkutano ujao liwe kwenye yatokanayo. Ikiwa umeibiwa na hukuripoti kituoni, ujue tukio lako halimo kwenye hesabu ya polisi hata kama mtaa mzima unalijua. Wengi hawaripoti kwa kudhani RB inauzwa. Haiuzwi, ni bure, na hilo inafaa polisi kata aliseme kwa mdomo wake mbele ya watu kila mkutano.

Sasa muhtasari. Ofisi nyingi za mtaa zina daftari kubwa lenye jalada gumu, kona zimekunjika, karatasi za mahudhurio zimebandikwa kwa gundi na zingine zimeanza kuchomoka. Mkazi ana kila sababu ya kuomba kulisoma. Ukilifungua, angalia maazimio yameandikwaje. Azimio la aina hii halina kazi: "Mkutano uliazimia kuimarisha ulinzi maeneo hatarishi." Hakuna atakayeulizwa. Azimio linalofanya kazi lina mtu, kitu na tarehe: "Pagale lililo nyuma ya kisima. Mtendaji ampe mwenye nyumba barua kabla ya tarehe 10. Mwenye nyumba azibe milango miwili na madirisha manne kwa mabati au matofali ndani ya siku 21. Mjumbe wa kamati anayesimamia eneo hilo akague na kuleta taarifa mkutano ujao." Mistari minne, na mkutano ujao ukifika hakuna pa kujificha. Kama mtendaji wako anaandika kwa mtindo wa kwanza, simama kabla kikao hakijafungwa uombe azimio lisomwe tena, kisha uulize, "Nani anafanya, na lini?" Mkifanya hivyo mikutano miwili mitatu, ataanza kuandika hivyo mwenyewe.

Kosa jingine la muhtasari ni kupachika mambo mazito kwenye "mengineyo". Mengineyo huja mwisho, watu wameshaanza kuvuta viti, akidi imepungua. Ukiona kiwango cha mchango wa lindo kinapandishwa kwenye mengineyo, pinga palepale na uombe kiwe agenda kamili ya mkutano ujao.

Kuna jambo ambalo watu wachache hulieleza kinagaubaga, nalo ni kura za siri za kuwataja wahalifu. Wakazi wanapewa vikaratasi, kila mmoja anaandika jina la anayemshuku, vinakusanywa. Ni utaratibu wa siku nyingi. Mwaka 2009 serikali iliutumia kitaifa kusaka waliohusika na mauaji ya watu wenye ualbino. Ukifanywa kwa uangalifu unawapa polisi pa kuanzia, hasa pale mashahidi wanapoogopa kuonekana kituoni. Ukifanywa ovyo ni hatari tupu.

Uangalifu wenyewe uko hivi. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja na kalamu za rangi moja. Kila aliyehudhuria arudishe karatasi, hata kama hajaandika kitu, asije akajulikana nani ameandika na nani hakuandika. Kila anayeandika atumie herufi kubwa zilizoachana, kwani mtaani watu wanajuana miandiko. Jina peke yake halitoshi: aandike pia ameona nini, wapi na lini. "Fulani ni mwizi" ni uadui mpaka ithibitike vinginevyo. "Gari dogo jeupe linashusha mizigo pale gereji saa 8 usiku kila Alhamisi" ni taarifa. Sanduku lifungwe mbele ya watu na liondoke na polisi kata likiwa limefungwa. Lisifunguliwe mkutanoni na majina yasisomwe kamwe, hata kama umati unapiga kelele yasomwe. Na kama waliohudhuria hawafiki 50, ahirisheni, kwa kuwa kwenye kundi dogo kila mtu atakisia nani kamwandika nani.

Kwa nini tunalisisitiza hili? Kwa sababu kura hizo hubeba kila kitu kilichomo mioyoni mwa majirani: ugomvi wa mpaka wa kiwanja, deni la duka, wivu wa mapenzi, bibi mzee mwenye macho mekundu. Jina likitajwa mara 30 bado si ushahidi, na halitoshi kumfikisha mtu mahakamani. Lakini likisomwa hadharani mara moja tu, "wananchi wenye hasira kali" huwa hawasubiri jalada. Mwenyekiti anayesoma majina kwa kipaza sauti ameweka roho ya mtu rehani, na mkazi yeyote ana haki ya kumzuia hapo hapo.

Tuje kwenye fedha, chanzo kikubwa cha mikutano kuvunjika.

Chukua mtaa wa mfano wenye kaya 300, kila kaya inatakiwa kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye makaratasi ni 600,000. Kamati inaajiri walinzi 6 kwa 100,000 kila mmoja, na hesabu inafunga vizuri, haibaki hata senti. Tatizo la kwanza limeshaingia: hakuna fedha ya betri za tochi, buti, makoti ya mvua wala filimbi. Tatizo la pili linakuja mwezi wa pili au wa tatu, kaya zinazotoa zikishuka hadi 180. Sasa kuna 360,000, yaani 60,000 kwa mlinzi, sawa na 2,000 kwa usiku mmoja wa lindo la saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mtu anakesha saa saba kwa fedha ambayo nauli na chai vinaimaliza. Kitakachofuata hakihitaji mganga. Walinzi wazuri wanaondoka, wanaobaki wanaanza kusimamisha bodaboda na wapita njia saa 6 usiku na kuwaomba "ya maji", na wakazi wanaacha kuchangia kwa kuwa walinzi wenyewe wamegeuka kero. Ulinzi shirikishi mwingi unakufa kwa njia hii hii, na lawama humwendea mlinzi wakati kosa lilikuwa kwenye bajeti.

Bajeti inayosimama hupangwa kwa kaya zinazotoa kweli, si kwa kaya zilizopo. Kama uzoefu wa miezi mitatu unaonyesha kaya 180, ajirini walinzi 3 kwa 100,000, bakizeni 60,000 ya vifaa na dharura, na mfupishe eneo la doria libaki lile ambalo hesabu ya matukio inaonyesha linahitaji. Walinzi watatu wanaolipwa kwa wakati wanashinda sita wanaodai. Tena watatu watembee pamoja, au wawili watembee na mmoja abaki sehemu inayojulikana. Mlinzi anayezunguka peke yake usiku hana shahidi wa kumtetea wala wa kumshtaki.

Makusanyo yawe na stakabadhi yenye namba inayofuatana na jina la kaya. Anayekusanya asiwe ndiye anayelipa walinzi. Kisha taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni kabla ya mkutano. Taarifa ya ukurasa mmoja inatosha: salio la mwanzo, kaya zilizolipa, jumla iliyoingia, kila malipo kwa tarehe, salio la mwisho. Ukiona taarifa imeandika "matumizi mengineyo" kwa kiasi kinachozidi vifaa vyote, uliza vocha za malipo. Kumtangaza mkaidi asiyechangia kwa kipaza sauti kunaleta aibu na hakuleti fedha. Kinacholeta fedha ni kumkuta mlinzi getini kwako saa 9 usiku akiwa macho, na kuiona stakabadhi yako kwenye orodha.

Mlinzi ana mamlaka gani? Swali hili liwe na jibu lililoandikwa, kwa kuwa historia yake inachanganya. Sungusungu walianza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989 yakawatambua. Polisi jamii ikaja mwaka 2006 chini ya IGP Said Mwema, na hapo ndipo vikundi vingi vya ulinzi shirikishi mijini vilipopata sura ya sasa. Kwa hiyo mlinzi mmoja anajiona sungusungu, mwingine askari, mwingine mwajiriwa wa kamati. Kwa mkazi, mipaka inayofaa kudaiwa ni hii: mlinzi anaweza kumkamata anayemwona akitenda kosa, na amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana ruhusa ya kumpiga, kumtoza faini, kumlaza ofisi ya mtaa hadi asubuhi, wala kuingia ndani ya nyumba ya mtu kupekua. Awe amepitishwa na mkutano, picha na taarifa zake ziko kituoni, ana kitambulisho, filimbi na tochi, na anajua namba 112 ya dharura na simu ya polisi kata kwa kichwa.

Kifaa muhimu kuliko rungu ni daftari la lindo. Safu zake ni chache: tarehe, saa, eneo, walioko zamu, kilichotokea, hatua, namba ya RB kama ipo, sahihi. Usiku usio na tukio nao uandikwe, kwa maneno "shwari" na saa ya kila mzunguko. Daftari likiwa na "shwari" kumi zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na mkao mmoja, zimejazwa siku moja. Mjumbe wa kamati apite usiku bila taarifa mara moja au mbili kwa wiki na kuweka sahihi kwenye mstari wa saa aliyopita. Hilo peke yake huwaamsha walinzi kuliko karipio.

Mambo ya taa na mapagale yanaonekana madogo, ila ndiyo yanayolipa haraka. Shida ni kwamba maazimio ya taa hutumwa pasipohusika. Barabara kuu iko chini ya wakala wa barabara, TANROADS, barabara za mitaani ziko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, na nguzo za umeme ni za shirika la umeme, TANESCO. Barua ya "tunaomba taa mtaani kwetu" huzunguka mpaka inasahaulika. Barua inayojibiwa inataja jina la barabara, idadi ya nguzo zisizowaka, namba zilizoandikwa kwenye nguzo hizo, na mahali taa zinapoanzia na kuishia, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata. Kijana mmoja mwenye simu akitembea jioni moja anaweza kuzikusanya zote. Wakati mnasubiri, azimieni kila nyumba iliyo kwenye kichochoro iwashe taa moja ya nje hadi alfajiri. Taa ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 10 kila usiku hutumia uniti 1.5 tu kwa mwezi. Baa au grosari inayokesha kwa kelele na mapigano nayo ina njia yake: leseni ya vileo hutolewa na halmashauri, kwa hiyo malalamiko yaandikwe kwa afisa biashara yakiwa na tarehe na saa, maana kumgombeza mwenye baa mkutanoni huishia mkutanoni.

Baadhi ya mambo hayafai kuletwa mbele ya umati kabisa. Mtoto aliyefanyiwa ukatili, mke anayepigwa, binti aliyebakwa: mwenyekiti asiruhusu majina wala maelezo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, kuna namba 116 ya watoto, na mitaa na vijiji vina kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zilizoundwa kwa kazi hiyo. Mkutano utangaze njia hizo, basi. Mtaa "unaosuluhisha" ubakaji kwa kikao cha wazee na fedha ya fidia unaficha jinai.

Grupu la WhatsApp la mtaa tunalipenda kwa tahadhari usiku na tunalichukia kwa picha asubuhi. Ujumbe wa "wawili wamevaa makoti meusi wanajaribu mageti upande wa shule, saa 8:15, nimeshapiga 112" ni msaada. Picha ya kijana aliyefungwa kamba, uso umevimba, ikisambazwa na neno MWIZI, inaweza kuwaingiza aliyepiga na aliyesambaza kwenye kesi. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ipitishwe, kisingizio cha kutojua kimepungua nguvu. Wenye vijiwe vya bodaboda wawekwe kwenye grupu hilo na waalikwe mikutanoni. Wao wako barabarani saa ambazo wengine tumelala, na mara nyingi huambiwa tu kwamba ni washukiwa.

Ukiwa Zanzibar, mkutano huitishwa na sheha, ambaye huteuliwa, hachaguliwi, kwa hiyo shinikizo la wakazi linapitia njia nyingine. Wasomaji wa Kenya watatambua mengi hapa, kwa sababu Nyumba Kumi iliyotangazwa huko mwaka 2013 ilichota kutoka mabalozi wa Tanzania. Wao wana faida moja ambayo sisi hatuna: sheria yao ya huduma ya polisi ya mwaka 2011 imeandika kamati za polisi jamii ndani ya sheria yenyewe, ikaunda na mamlaka ya polisi ya kaunti inayoongozwa na gavana au aliyemteua. Wana pia IPOA ya kupokea malalamiko dhidi ya askari. Kwenye baraza la chifu, badala ya RB, utaulizwa namba ya OB, na ushauri wa kuja nayo ni uleule.

Kwa anayetaka kulalamika, asianzie juu. Lalamiko kuhusu mlinzi liende kwa kamati ya ulinzi na nakala kwa polisi kata, likiwa na tarehe, saa na eneo, ili lilinganishwe na daftari la lindo la usiku huo. Lalamiko kuhusu fedha za michango liende kwa mtendaji wa kata. Ukiambiwa stakabadhi zimepotea, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Lalamiko kuhusu askari liende kwa mkuu wa kituo, na lisipojibiwa liende kwa OCD kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Lalamiko kuhusu mkutano kutoitishwa liwe na sahihi za wakazi, majina yao na namba za nyumba, lipelekwe kwa mtendaji wa kata na diwani siku moja. Liwe na agenda tayari, na ya kwanza iandikwe: kusoma muhtasari wa mkutano uliopita na yatokanayo.